Kinyonga au GCaMP: kihisi gani cha kutazamia chumvi kwenye mzizi

Mpwa wangu alishuka basi la Mokowe hapa Malindi na chupa ya maji ya bahari mkobani. Anasomea shahada ya pili ya sayansi ya mimea, na kwa kuwa kwao Lamu maji ya kisima kuingia chumvi ni mazungumzo ya kila baraza, mada haikumsumbua: mzizi unatambuaje kuwa chumvi imefika? Alitaka kulitazama jambo lenyewe likitokea ndani ya seli zilizo hai, si kusaga majani na kupima baadaye. Msimamizi wake alimtaka achague kihisi kabla mwezi haujaandama. "Mjomba, ni vingi kama dagaa," akasema, "na kila mtu anasifu chake."

Mimi nilikuwa fundi wa maabara ya picha kwa miaka mingi kabla sijarudi pwani, na jibu nililompa hakulipenda. Asianze na kihisi. Aanze na hadubini atakayoazimwa, aihesabu leza zake moja moja, kisha ajiulize kitu anachokitafuta hudumu sekunde, dakika au saa. Kihisi kinafuata baada ya hapo.

Neno kwanza. Nasema kihisi kwa sababu nikisema sensa majirani watadhani makarani wa serikali wamekuja kuhesabu kaya. Kihisi cha aina hii ni protini ing'aayo ambayo mmea huitengeneza wenyewe, kwa kuwa jeni yake imetiwa ndani ya mmea. Huhitaji kudunga rangi. Zile rangi za kemikali wanazotumia watu wa seli za wanyama, Fluo-4 na Fura-2, ni taabu kwenye mimea: ukuta wa seli ni kikwazo, na hata zikipenya mara nyingi huishia kufungiwa kwenye vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ndani ya seli, mahali ambapo huna haja napo. Kwa hiyo rangi hizo tuliziweka kando kabla kahawa haijapoa.

Chanzo cha habari yote hii ni konyeza. Si hawa wanaotuwasha tukioga Shela, bali jamaa yao wa Pasifiki aitwaye Aequorea victoria. Mwaka 1961 Osamu Shimomura alikuwa Friday Harbor, jimbo la Washington huko Marekani, akikusanya makonyeza karibu 10,000 ili ajue kinachowafanya wawake. Siku moja alimwaga mchanganyiko ulioshindikana ndani ya sinki lililokuwa likipokea maji ya bahari, na sinki lote likawaka buluu. Kilichouwasha ni kalsiamu iliyomo kwenye maji ya bahari. Protini ile ikaitwa aequorin, na kando yake ilipatikana nyingine, GFP, inayochukua ile buluu na kuitoa kijani. Mwaka 2008 Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya GFP.

Nimemsimulia mpwa wangu kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, chupa yake. Alikusudia kumwagia mmea maji ya bahari ya Lamu, yawe "chumvi ya kweli". Lakini maji hayo yana kalsiamu takribani milimola 10 kwa lita, ilhali ndani ya seli ya mmea iliyotulia kalsiamu huru ni kama nanomola 100 tu. Tofauti ni mara 100,000. Seli hulinda pengo hilo kwa nguvu zake zote, na ikitaka kupiga kengele, kama vile chumvi ikifika, hufungua milango kidogo tu, kalsiamu ikamiminika. Ukitaka kusikia kengele hiyo usimwage kalsiamu ya nje juu yake. Tena sodiamu ya bahari, kama milimola 470, ni sumu ya haraka kwa mmea wa maabara, wakati milimola 100 ya chumvi safi inatosha kuuamsha. Ya pili ni kwamba ule mtindo wa protini moja kumpasia mwenzake mwanga ndio uliomo ndani ya nusu ya vihisi tutakavyovitaja. Konyeza alitangulia.

Mwangaza mmoja au miwili

Mgawanyo wenye maana, kwangu, si wa majina. Ni huu: kuna vihisi vinavyokupa mwangaza mmoja unaopanda na kushuka, na kuna vinavyokupa miwili ili usome uwiano wake.

GCaMP ni bingwa wa mwangaza mmoja. Ilitengenezwa 2001: GFP iliyokatwa na kuunganishwa upya, ikafungwa na kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu. Kalsiamu ikija, kijani huongezeka sana. Unahitaji mwanga wa buluu wa nanomita 488 na kichujio cha kijani, basi. Hata konfokali, yaani hadubini ya leza inayopiga picha tabaka moja moja, si lazima, kwani hadubini ya kutazamia mche mzima, yenye taa ya mng'ao na kamera nzuri, hufanya kazi. Ndivyo Masatsugu Toyota, Simon Gilroy na wenzao walivyoonyesha mwaka 2018, kwa GCaMP3, jani likitafunwa na kiwavi na wimbi la kalsiamu likienda hadi majani mengine ndani ya dakika chache. Ukiziona picha zile utaelewa kwa nini kila mwanafunzi anataka GCaMP. Mpwa wangu naye alikuwa amekwisha kuichagua moyoni. Nilijua, kwa sababu alikuwa akiitamka kwa upole kuliko nyingine.

Tatizo ni chumvi yenyewe. Mzizi ukipata chumvi, maji hutoka kwenye seli na seli hunywea kidogo. Protini ile ile sasa imesongamana mahali padogo, na mzizi umejikunja ukatoka kwenye fokasi. Kijani kikiongezeka, ni kalsiamu? Ni msongamano? Au mzizi umekusogelea tu? Mwangaza mmoja hauna namna ya kukujibu.

Yalinipata mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini, katika maabara nisiyoitaja, nilipiga picha kwa wiki tatu mfululizo. Kila nikidondosha tone la chumvi kwenye ncha ya mzizi, wimbi zuri la kijani linapanda. Nilifurahi hadi nikamwita mkuu wangu. Mama mmoja mfagizi aliyekuwa akisubiri tumalize aliuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini ile chupa inatoa jasho. Chumvi yangu nilikuwa nimeiweka kwenye friji isiote ukungu. Mimea hupandisha kalsiamu ikipigwa na baridi ya ghafla, jambo lililoonyeshwa tangu 1991 kwa tumbaku iliyotiwa aequorin, na hupandisha vilevile ikiguswa. Nilikuwa napima friji. Tone la maji matupu kutoka friji hiyo hiyo lilileta wimbi lile lile. Kihisi kilikuwa kimesema kweli, nami ndiye niliyekiuliza swali jingine. Kwa hiyo, chochote utakachochagua, tone la maji matupu ya joto lile lile liwepo, na tone la sukari kama sobitoli lenye mvuto wa maji sawa na wa chumvi yako liwepo pia, ili utenganishe chumvi na ukavu.

Upande wa pili yupo cameleon. Atsushi Miyawaki, Tsien na wenzao walimtoa 1997, na jina limetokana na kinyonga. Ni protini mbili zing'aazo zilizofungwa pamoja, ya samawati na ya njano, na katikati kalmodulini. Unaiwasha ya samawati kwa nanomita 440 hivi. Kalsiamu ikija, hizo mbili hukaribiana na ya samawati huipasia ya njano mwanga wake. Basi samawati inashuka na njano inapanda kwa wakati mmoja. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Mzizi ukitoka kwenye fokasi, zote mbili hushuka. Seli ikisongamana, zote mbili hupanda. Kalsiamu pekee ndiyo inayozivuta pande mbili tofauti. Nikikagua kazi ya mtu sitazami kwanza mstari wa uwiano, nataka nione mistari miwili mibichi, na ikipanda pamoja namrudishia.

Toleo linalotumika sana kwenye mimea ni YC3.6, ambalo hufikia nusu ya kushiba kwenye kalsiamu ya nanomola 250 hivi. Kwa ishara ndogo lipo YC-Nano65, la nanomola 65. Hilo ndilo Gilroy na wenzake walilitumia mwaka 2014 wakaona wimbi la chumvi likikimbia kwenye mzizi kwa mikromita 400 hivi kwa sekunde, yaani kama sentimita mbili na nusu kwa dakika. Ni polepole hata kwa konokono, lakini kwa mche wenye mzizi wa sentimita tatu ni habari ya dakika moja na ushei. Wepesi wa Nano65 una gharama yake, maana hata mmea ukiwa umetulia, sehemu ya kihisi tayari imeshika kalsiamu, na wimbi kubwa likija hakina pa kupanda.

Kinyonga ana kasoro nyingine mbili. Mabadiliko yake ni madogo kuliko ya GCaMP, kwa hiyo kamera duni itakuonyesha chenga. Pia jeni zake mbili zing'aazo zinafanana mno, na mimea ina desturi ya kuzinyamazisha jeni za namna hiyo kizazi baada ya kizazi. Mbegu zilizong'aa kwa aliyekutumia zinaweza kufifia kwako. Panda nyingi, chagua miche inayong'aa vya kutosha, ila usikimbilie ile inayong'aa kupita zote, kwa sababu kihisi kikijaa sana huanza kuishika kalsiamu uliyokuja kuipima.

Leza zilizopo

Hadi hapo ungedhani nimemwambia achukue kinyonga. Nilikuwa karibu kusema hivyo. Kisha nikamtaka apige simu kule atakakoazimwa hadubini aulize leza. Alirudi na orodha kwenye kipande cha karatasi: 405, 488, 561, 640.

Hakuna 440. Hakuna 458. Konfokali nyingi za leo ndivyo zinavyokuja, na kinyonga hapo anakaa njaa. Unaweza kumwasha kwa 405 kwa shida, lakini mwanga huo huamsha kuta za seli zing'ae zenyewe, na kwenye mzizi mkongwe utakuwa unapiga picha za kuta. MatryoshCaMP6s ya 2017, ambayo nayo ni ya miangaza miwili na ni nzuri, pia inaomba 440. Ikaondoka.

Tukageukia wekundu. R-GECO1, kihisi chekundu cha kalsiamu, huwashwa kwa 561 na kung'aa karibu na nanomita 600, mbali ya kutosha na klorofili, ambayo wekundu wake hushika kasi baada ya 650. Mwaka 2015 ililinganishwa na YC3.6 katika Arabidopsis, kile kigugu kidogo cha jamii ya haradali, na ishara zake zikawa kubwa zaidi. Ina faida nyingine ambayo watu huisahau: mmea unaiona buluu. Una protini zake za kupokea mwanga wa buluu, ziitwazo fototropini, na zikiguswa na mwanga huo zenyewe hupandisha kalsiamu. Ukipiga picha kwa 488 unauliza swali huku ukipiga kelele. Mwanga wa 561 fototropini hazina habari nao. Yeyote anayetumia GCaMP au kinyonga aache kamera ipige kwanza muda mrefu bila tone lolote, mpaka mstari utulie, ndipo aanze.

Lakini R-GECO1 peke yake ni mwangaza mmoja, na tunarudi kwenye seli zinazonywea. Dawa ipo: R-GECO1-mTurquoise, iliyotolewa 2017 na Rainer Waadt na wenzake, ambayo ni kihisi kile kile kilichofungwa na protini ya samawati isiyojali kalsiamu. Ya samawati inakuwa shahidi. Ikipanda, kuna msongamano au mzizi umesogea, na ukigawanya nyekundu kwa samawati unabaki na kalsiamu. mTurquoise hupenda kuwashwa karibu na 434, ila hung'aa sana kiasi kwamba 405 inatosha, mradi utoe mwangaza wa kuta kwa kupiga picha pia mche usiotiwa jeni. Tahadhari moja: buluu huweza kuichezea R-GECO1 yenyewe ikang'aa bila sababu. Basi piga nyekundu kwanza kisha samawati, na 405 iwe dhaifu na isipigwe kila fremu.

Kitu ambacho uwiano huu hautibu ni pH. Vihisi vingi vya ukoo huu hubadilika asidi ya seli ikibadilika, na ishara za kalsiamu mara nyingi huandamana na pH. Ukiweza kuwa na mche wenye kihisi cha pH kando, uwe nao. Usipoweza, andika wazi kwamba hukupima.

Kama swali ni la saa, si la sekunde

Hapa mpwa wangu alinishangaza. Alisema wimbi la dakika ya kwanza ni zuri, lakini mche unaokaa kwenye chumvi siku nzima ndio unaofanana na mnanasi na mchicha wa kwao. Kwa hilo kalsiamu si ya kufuatilia. Ningechukua roGFP2-Orp1, inayoonyesha haidrojeni peroksaidi, mojawapo ya kemikali kali ambazo seli huzizalisha ikiteseka. Ni ya kijani, lakini huwashwa kwa 405 na 488 kwa zamu na kusomwa mahali pamoja, kwa hiyo inatoa uwiano, tena leza zote mbili zimo kwenye karatasi yake. Haiyumbishwi na pH ya kawaida ya seli. Mwisho wa jaribio unaimwagia DTT, kemikali inayofanya kinyume cha peroksaidi, ishuke hadi chini kabisa, kisha peroksaidi ipande hadi juu, na kila mzizi unakuwa umejipimia mizani yake. Nampenda mtumishi huyu kuliko wote, ingawa hana picha za kurusha mtandaoni. HyPer ya 2006 ilifanya kazi hiyo kabla yake, ila pH iliiyumbisha. HyPer7 ya 2020 imeponywa hilo.

Asidi absisiki, homoni ya ukame na chumvi, ina vihisi vyake: ABACUS na ABAleon vya 2014, na ABACUS2 ya 2023. Vile vya mwanzo viliugusa mmea wenyewe, ABACUS ukawa mwepesi mno kwa homoni hiyo na ABAleon ukawa mzito. Na vyote vimejengwa kwa mtindo wa kinyonga, kwa hiyo leza ile ile inayokosekana inawakosesha. Nilimwambia asipoteze usiku.

Aequorin je, mzee wa konyeza? Hahitaji kuwashwa na leza yoyote. Unamlisha koelenterazini, kemikali anayohitaji ili awake, unamweka gizani, unahesabu mwanga anaoutoa. Hutapata picha ya seli, utapata jumla ya mche mzima, lakini kwa mwenye mashine ya kuhesabu mwanga na asiye na konfokali, atakupa majibu ya sahani nzima ya miche kwa asubuhi moja. Kama hadubini ile ingekosekana ningemtetea aequorin bila aibu.

Na mikoko? Aliuliza, bila shaka. Mchu unaotoa chembe za chumvi juu ya majani ndio uliomfanya apende sayansi hii. Arabidopsis unatiwa jeni kwa kuchovya maua kwenye bakteria Agrobacterium na kusubiri mbegu, na mchu hauingii kwenye kikombe hicho. Kwa mchu atumie mng'ao wa klorofili yake mwenyewe, kwa kipima kinachobebeka hadi ufukweni maji yakitoka. Hilo halihitaji jeni wala kibali cha jeni.

Mbegu zenye vihisi zinahitaji kibali. Hata zikikaa ndani ya chumba siku zote, ni mimea iliyobadilishwa jeni, na chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayoteknolojia ya 2009 ombi linapelekwa kwa mamlaka ya taifa ya usalama huo, pamoja na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, cha kuingiza mbegu nchini. Ombi litangulie mbegu. Mbegu nyingi za namna hii hupatikana Nottingham, Uingereza, kwenye hifadhi ya mbegu za Arabidopsis, au kwa kumwandikia mwandishi wa utafiti moja kwa moja, na wengi wao hujibu.

La mwisho nililomwandikia kwenye daftari ni la joto. Arabidopsis hupenda nyuzi 22 hivi. Chumba cha Malindi mwezi wa Machi kikiwa hakina baridi ya mashine hupita 30, na mche wenye homa hutoa ishara zake bila kuulizwa. Kama umeme unakatika mchana, apige picha alfajiri. Lenzi zikae kwenye sanduku lenye vidonge vya kunyonya unyevu, maana ukungu wa pwani hula kioo. Na chumvi, ikae mezani kando ya mche tangu jana yake.

Barua mbili zimeshaandikwa, moja ya R-GECO1-mTurquoise na moja ya roGFP2-Orp1. GCaMP3 ameiongeza mwishoni kwa kalamu, kwa mkono wake, "ya kutazama tu, Mjomba."